KUPANDA MITI YA MATUNDA KWA MBEGU: MBEGU GANI TUNAWEZA KUITUMAINIA?



Wakati wa avoka kila mtu anakula, na mbegu zinatupwa nyuma ya jiko ao njiani. Wengine kati yetu wanaziokota na kuzipanda nyumbani. Ni jambo zuri, maana mbegu haiombi franga. Lakini mti unaomba miaka, tena unaomba fasi katika kiwanja. Mtu akingojea miaka saba, kisha anapata matunda madogo yenye maji tu, nani atamrudishia ile miaka? Basi inafaa kujua mambo haya mbele ya kupanda.

1. MBEGU IKO NA UHAI

Mbegu ya maharagi tunaikausha, tunaiweka, inangojea mvua. Mbegu ya avoka na ya embe haiko vile: ikikauka, inakufa. Za machungwa pia zinaharibika zikikauka. Mtu anayeacha mbegu ya avoka juani mwezi muzima, kisha anaipanda, atatilia maji kitu kilichokufa. Panda siku ile ile ao kesho yake. Kama uko safarini, ifunge katika majani ya mgomba yenye ubichi kidogo.

Mbegu za papai ziko na ngozi ya utelezi. Ngozi ile inazuia kuota. Zioshe na kuzisugua na mchanga mpaka utelezi unatoka, ndipo uzipande.

2. KILA MTI NA FASI YAKE

Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko kwenye urefu wa metre 770 hivi juu ya bahari, na miembe inazaa vizuri kule. Bukavu iko karibu metre 1.500. Huku mwembe unaweza kuota na kukua, lakini baridi inauzuia kuzaa vizuri. Avoka inapenda milima yetu, na marakuja ya rangi ya zambarau vile vile. Papai linakubali, lakini linachelewa kuliko bondeni. Mbele ya kupanda mbegu ya embe tamu uliyoletewa kutoka Uvira, angalia kwanza: je, kwa jirani yako kuna mwembe unaozaa?

3. KWA NINI MTOTO HAFANANI NA MAMA?

Wanafunzi wengi wanauliza: «Nilipanda mbegu ya avoka kubwa yenye mafuta, mbona matunda yake ni madogo?» Jibu liko ndani ya ua. Ua la avoka linafunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni kama la kike, kisha linajifunga. Siku ya pili linafunguka tena kama la kiume, na kutoa unga wake. Kwa hiyo unga unaoingia unaweza kutoka kwa mti mwingine, pengine ule mbaya wa jirani. Tunda unalokula ni la mama, lakini mbegu ya ndani iko na baba pia. Hata bila jirani, mbegu inachanganya mambo upya.

Mara chache mchanganyiko unaleta baraka. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1920, mtu wa posta jina lake Rudolph Hass alipanda mbegu za avoka. Mti mmoja ukazaa matunda mazuri sana, na mwaka 1935 akauandikisha kwa jina lake. Mti ule ulikufa mwaka 2002, lakini miti yote ya aina ya Hass duniani imetokana na matawi yake, kwa njia ya grefe. Hawakutumia mbegu zake, kwa sababu mbegu ya Hass haitoi Hass.

Kwa embe iko tofauti. Kuna aina ambazo kokwa moja inatoa miche miwili, mitatu, hata zaidi. Mingi kati yao inatoka katika mwili wa mama peke yake, na itafanana naye. Ile tunaweza kuitumainia. Kokwa inayotoa mche mmoja tu haina ahadi. Machungwa mengi na mandarini nyingi pia zinatoa miche ya mama. Mche usiofanana na wenzake, uondoe. Lakini chungwa la mbegu linakuwa na miiba mingi, na linaweza kukawia miaka saba ao zaidi.

Papai liko na shida yake: kuna mti wa kiume, wa kike, na wenye vyote viwili. Huwezi kuitambua kwa mbegu wala kwa majani. Panda miche mitatu katika shimo moja, ngojea maua. Wa kiume unatoa vijiti virefu vyenye maua madogo mengi. Wa kike unatoa ua kubwa karibu na shina. Ngoa ya kiume, lakini acha mmoja kwa kike kumi hivi.

4. NAMNA YA KUPANDA AVOKA

a) Chagua tunda lililokomaa, kutoka mti wenye afya. Usiokote lililooza chini.
b) Osha mbegu. Panda upande wa bapa chini, ncha juu, na ncha ionekane kidogo.
c) Tumia kopo lililotobolewa chini, lenye udongo mweusi na mchanga kidogo. Weka kivulini. Tilia maji, lakini maji yasisimame, maana yanaozesha mizizi.
d) Inaota kwa wiki 4 mpaka 8. Mche ukifika sentimetre 30 ao 40, uhamishe mvua inapoanza.
e) Chimba shimo la sentimetre 60 kila upande. Changanya udongo wa juu na kinyesi cha mbuzi kilichokwisha kuoza. Acha metre 8 mpaka nyumba ao mti mwingine.
f) Jenga ua kuuzunguka. Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika moja.

5. MBEGU NA GREFE

Basi mbegu ya avoka ni bure? Hapana! Hata grefe inahitaji mche wa mbegu. Shina likiwa nene kama kalamu, linakatwa kichwa na kupasuliwa kidogo. Tawi dogo la mti mzuri linachongwa kama kabari na kuingizwa pale, ili sehemu za kijani chini ya maganda zigusane. Kisha inafungwa kwa nguvu na kipande cha plastiki. Kazi hii inajifunzwa kwa mikono, karibu na mtu anayeijua. Mti wa grefe unaweza kuzaa mwaka wa tatu ao wa nne.

6. SASA TUPANDE NINI?

Kama wazazi wako wanapanga nyumba, panda papai ao marakuja, maana utakula mbele ya kuhama. Kama kiwanja ni chenu, weka mbegu za avoka sasa na utafute grefe. Mwanafunzi anayeanza sekondari leo akifanya vile, anaweza kula matunda yake mbele ya kupata Diploma ya Serikali. Anayetumainia mbegu peke yake, labda ni wadogo wake watakaokula, na hawajui kama yatakuwa mazuri. Hata hivyo kivuli watakipata.

Kazi njema!