Usiseme «Pale»: Somo la Viungo katika Darasa Lenye Mwanafunzi Asiyeona

Katika mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Kiswahili na Kifaransa. Somo la viungo nililipata kwa sababu tu mwalimu wake aliugua. Darasani mlikuwa na kijana mmoja asiyeona, na kila saa ya kabumbu yeye alikaa chini ya mwembe akilinda viatu vya wenzake. Nilipouliza sababu, niliambiwa ni desturi, na kwamba mwenyewe hajalalamika.

Kuna mchezo uitwao golboli, uliobuniwa mwaka 1946 na Mwaustria Hanz Lorenzen na Mjerumani Sepp Reindle kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Tangu 1976 umo katika Michezo ya Paralimpiki. Uwanja ni mita 18 kwa 9, timu ni za watu watatu, na mpira una kengele ndani. Wote hufungwa macho, hata aonaye kidogo, na watazamaji hunyamaza mpira unapochezwa ili usikike. Sisi kengele hatukuwa nayo. Tulitia mpira ndani ya mfuko wa nailoni ili ukibingirika uchakarike, mistari tukaichimba kidogo kwa jembe ili mguu uitambue, tukacheza kwa magoti.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. «Pale! Huku! Ule unakuja!» Hakuna aliyeelewa kitu. Sarufi inatufundisha kwamba vionyeshi ni vya karibu, vya mbali, na vya kile ambacho msikilizaji anacho au anakijua. Sikuwahi kufikiri jinsi vinavyotegemea kidole na jicho. Pale ni mbali na nani? Kilichobaki na maana ni «hapo», maana hukaa upande wa msikilizaji: «baki hapo» inaeleweka gizani pia.

Yule kijana ndiye aliyetupa maneno yaliyofaa: «kushoto kwako, hatua mbili, unakuja polepole». Si kwamba alikuwa mpole. Alikasirika alipofungwa, na aliwakaripia wenzake kwa ukali hadi nikamtoa nje dakika tano, kama ambavyo ningemtoa mwingine yeyote. Nadhani hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuadhibiwa uwanjani. Naye hodari wa kabumbu wa darasa alisusa wiki nzima kwa kushindwa, kisha akarudi na kuuliza jinsi ya kusikiliza.

Stadi za kuishi na wenzako haziletwi na mpira. Zinaletwa na kanuni inayokulazimisha umhitaji mwenzako. Kumpa asiyeona filimbi au daftari la mabao ni kumhamisha tu kutoka chini ya mwembe. Lakini kufungwa kitambaa kwa saa moja hakumfundishi mtu upofu ulivyo, na niliwaambia hivyo.

Mwalimu wao alipopona, alitazama mchezo mmoja hadi mwisho. Kisha akaniuliza ni nani sasa atakayelinda viatu.

Nikamwonyesha ufunguo wa darasa.