Utepe wa mahameli: kingo ndizo huamua ushuru

Waagizaji wa tepe za kushonea nguo na kufungia zawadi wanaotegemea jina lililoandikwa kwenye ankara peke yake wanajiweka katika hatari ya mizigo yao kukwama bandarini na kudaiwa ushuru wa nyongeza. Utepe hauingizwi katika fungu la ushuru kwa jina lake. Kinachotazamwa ni upana na jinsi kingo zilivyotengenezwa.

Mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, ambao ndio msingi wa Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, umeziweka tepe katika Sura ya 58, fungu 58.06. Ili kitambaa kihesabiwe kuwa utepe, upana wake usizidi sentimita 30, na kingo zote mbili ziwe zimefungwa zisifumuke, ama kwa kufumwa, kwa gundi au kwa njia nyingine. Utepe wa kupindia nguo uliokunjwa kingo nao umo, mradi ukikunjuliwa usizidi upana huo.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mahameli ya jora ikikatwa vipande vyembamba na kingo zikaachwa wazi, sheria haiiti utepe hata kama upana wake ni sentimita mbili. Hubaki kitambaa cha kawaida cha mahameli, fungu 58.01.

Utepe halisi wa mahameli hupewa namba 5806.10. Wenye nyuzi za kuvutika au mpira kwa asilimia 5 au zaidi ya uzito, yaani lastiki, huenda 5806.20, wa pamba 5806.31 na wa nyuzi za viwandani kama poliesta 5806.32. Utepe wenye matamvua yaliyofumwa huhamia 58.08, na lebo za nguo 58.07.

Ipo pia mahameli ya bandia, ambayo manyoya yake ni vumbi la nyuzi lililogandishwa kwa gundi juu ya kitambaa. Hiyo ni ya fungu 59.07. Kitambaa chenye manyoya kilichofumwa kwa vitanzi kama fulana, badala ya mtande na mshindio, ni cha 60.01. Kwa macho vyote hufanana, lakini mbele ya afisa wa forodha ni bidhaa tofauti.

Matumizi ya utepe hayaokoi. Mwishoni mwa karne ya 19, waagizaji wa New York walishinda katika Mahakama Kuu ya Marekani kwa kuonyesha kuwa tepe zao za hariri na pamba zilikuwa za kupambia kofia tu. Chini ya sheria ya mwaka 1883 walitakiwa kulipa asilimia 20 badala ya 50. Leo hoja kama hiyo haina nguvu katika fungu 58.06, ambalo halijali kama utepe ni wa gauni au wa zawadi.

Tangu Julai 2022 viwango vya Jumuiya ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Kwa mfano wa hesabu tu, mzigo wenye thamani ya sh. milioni 40, pamoja na bima na nauli, ukihamishwa kutoka asilimia 25 kwenda 35 huongeza ushuru kwa sh. milioni 4. VAT ya asilimia 18 ya Tanzania Bara hutozwa pia juu ya ushuru, hivyo nyongeza yote hufikia sh. milioni 4.72. Kwa bidhaa inayouzwa kwa faida ndogo kila roli, hiyo ni hasara.

Mwagizaji makini huchukua sampuli kabla ya kulipia mzigo na kumtaka muuzaji aandike kwenye ankara upana, aina ya uzi, namna ya kufumwa na hali ya kingo. Penye shaka, anaweza kuomba uamuzi wa awali kutoka TRA au KRA kabla meli haijang'oa nanga. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe upya, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Sheria hiyo hiyo huadhibu tamko la uongo kwa kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani.

Aidha, viwango hubadilishwa kila mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na kila nchi huweza kuwa na vyake vya muda. Bei ya roli ipangwe baada ya kuona jedwali la mwaka husika, si kwa kukumbuka mzigo uliopita.