Ulinzi wa Kompyuta: Kwa Nini Umo Katika Bajeti?

Ndugu wanakamati wa parokia na wafadhili wetu wapendwa,

Kompyuta za ofisi zetu zimebeba majina ya watoto wanaolipiwa karo, kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati na hesabu za michango yenu. Kwa sababu hiyo tunapenda kufafanua kifungu cha bajeti kinachoulizwa mara nyingi: ulinzi wa kompyuta.

Programu za zamani za kuzuia virusi zilikuwa kama mlinzi wa getini mwenye picha za wezi wanaofahamika. Mwizi mgeni alipita. Programu za kisasa huchunguza pia mienendo. Programu yoyote ikianza ghafla kugeuza mafaili mengi yasisomeke, huizuia, huitenga kompyuta hiyo na mtandao wa ofisi, kisha humtaarifu msimamizi.

Tuchukue mfano wa WannaCry. Programu hiyo haribifu ilianza kuenea tarehe 12 Mei 2017, ikafika nchi zaidi ya 150. Ilifunga mafaili na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko England, taasisi 80 kati ya 236 za huduma za afya za umma ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Iliruka yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia kasoro ya Windows. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu tarehe 14 Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wameyaweka.

Kwa hiyo programu ya ulinzi peke yake haitoshi. Tunaziomba kamati:

1. Kuhakikisha marekebisho ya Windows yanawekwa kila yanapotolewa.
2. Kuweka nakala za mafaili kwenye diski ya nje, na kuichomoa baada ya kunakili.
3. Kuteua mtu wa kusoma taarifa za programu ya ulinzi. Onyo lisilosomwa halimsaidii mtu.

Kwa wafadhili: leseni hizi kwa kawaida hulipiwa kila mwaka, kwa kila kompyuta. Hazipigwi picha kama kisima au darasa, lakini zikikosekana kazi ya miaka inaweza kupotea kwa siku moja. Pia, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kabla ya kutuma kompyuta zilizotumika, tafadhali hakikisheni zinaweza kupokea toleo jipya.