Nani Aliyeliruhusu Gari Litoke?



Ajali inapotokea barabarani, swali la kwanza tunaloulizana ni hili: dereva alikuwa nani? Tunataka kujua kama alikuwa amelewa, kama ana leseni, na alikuwa akikimbilia wapi. Swali la pili huwa juu ya mwenye gari. Lakini kati ya dereva na mwenye gari yupo mtu wa tatu, ambaye aghalabu hatumuulizii kabisa. Huyo ndiye aliyepanga safari, akamchagua dereva, akaukubali uzito wa mzigo, akatia saini gari litoke. Katika makampuni anaitwa meneja usafirishaji, serikalini ni ofisa usafirishaji, na katika yadi ndogo ndogo ni karani tu mwenye simu na daftari. Leo napenda tuzungumze juu ya mtu huyo, na hasa juu ya chama cha wataalamu wa kazi yake: kilitoka wapi, kinatawaliwaje, na kina nguvu gani juu ya wanachama wake.

Jambo hili si geni kwetu sisi wa Madimba. Mtambo wa kusafisha gesi ulipojengwa hapa, ukazinduliwa mwaka 2015, tuliyaona malori yaliyobeba mabomba ya inchi 36 na vyuma vizito yakipita mbele ya nyumba zetu. Kila mwaka ifikapo Oktoba, msimu wa korosho unapoanza, magunia hutoka kwenye vyama vya msingi kwenda maghalani, na kutoka maghalani kwenda bandarini Mtwara. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililojiondokea lenyewe. Kila moja liliruhusiwa na mtu.

Wazee wetu wa Msimbati na mlango wa Ruvuma walilijua jambo hili zamani. Jahazi lina tajiri wake, lakini likiwa safarini amri ni ya nahodha. Tajiri anaweza kuwa na haraka ya kuwahi soko, lakini nahodha akiutazama upepo akasema leo hatutweki tanga, basi hapana safari. Nahodha huyo aliupata wapi ujasiri wa kumkatalia mtu anayemlisha? Hakuupata kwa tajiri. Aliupata kwa manahodha wenzake, waliomlea, wakampima, wakamkubali. Kama angekipeleka chombo mahali pabaya kwa kumfurahisha tajiri, ni wao ambao wangemdharau. Naam, chama cha wataalamu ni jambo hilo hilo, isipokuwa limeandikwa kwenye karatasi.

Chama chenyewe kilianzia London mwaka 1919, kikaitwa Institute of Transport. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha mwaka mmoja tu nyuma yake. Vita ile iliwafunza wakubwa wa Uingereza kwamba jeshi lenye bunduki nyingi linaweza kushindwa kwa sababu chakula na risasi havikufika kwa wakati. Tena kabla ya hapo mtu wa reli aliijua reli tu, mtu wa bandari aliijua bandari tu, na lori lilikuwa kitu kipya kisicho na mwalimu. Waanzilishi walitaka watu hao wote wakae katika nyumba moja na kuifanya kazi ya kusafirisha kuwa elimu inayosomwa na kutahiniwa. Rais wa kwanza wa chama alikuwa Sir Eric Geddes, aliyetokea katika kazi ya reli, na ambaye mwaka huo huo wa 1919 aliteuliwa kuwa Waziri wa kwanza wa Usafirishaji wa Uingereza.

Mwaka 1926 chama kilipewa Hati ya Mfalme. Hati hii si pambo la ukutani. Kwanza, inakifanya chama kuwa mtu mbele ya sheria, kinachoweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Pili, inataja kazi ambayo chama kiliumbwa kuifanya, nayo ni kuendeleza elimu na ufundi wa usafirishaji wa kila namna, kwa manufaa ya watu wote na si ya wanachama pekee. Tatu, viongozi hawawezi kuibadilisha wapendavyo. Hapana budi wanachama wapige kura, kisha mabadiliko yapate kibali cha Baraza la Mfalme. Kwa maneno mengine, hati ni nanga: kiongozi mpya anaweza kukigeuza chombo huku na huku, lakini hawezi kukipeleka mbali na pale kilipofungwa.

Huku kwetu chama hicho kilifika pamoja na reli na bandari za kikoloni. Miaka ile Tanganyika, Kenya na Uganda zilihudumiwa na shirika moja, East African Railways and Harbours, na baadhi ya wakubwa wake walikuwa wakiandika nyuma ya majina yao herufi za uanachama wa chama cha London. Shirika hilo ndilo lililoiendesha Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Karanga zilishindikana, bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954 ikiwa na mizigo kidogo, na ilipofika mwaka 1962 reli ikafungwa. Hilo lilikuwa somo la kazi hii kwa gharama kubwa: usafirishaji ni hesabu. Ukitandika reli kabla ya kujua utabeba nini, utakuja kuing'oa.

Baada ya Uhuru tulihitaji wataalamu wetu wenyewe. Mwaka 1975 kikaanzishwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, Dar es Salaam, na Sheria Namba 24 ya mwaka 1982 ikakifanya kuwa taasisi inayojitegemea. Lakini tusichanganye mambo. Chuo kinafundisha na kutoa cheti, na mwanafunzi akishahitimu chuo hakimfuati tena. Chama cha wataalamu kazi yake huanzia hapo. Kinamtazama aliyehitimu akiwa kazini, mwaka hata mwaka, kama bado anastahili heshima aliyopewa.

Mwaka 1999 chama cha Uingereza kiliungana na kingine cha watu wa maghala na ugavi, na leo kinajulikana kama Chartered Institute of Logistics and Transport, kwa kifupi CILT. Sababu ya kuungana ni rahisi kuiona hapa kwetu. Korosho haifiki melini kwa lori peke yake. Iko ghala, uko mzani, zipo hati, na ipo zamu ya kupakia. Lori likifika bandarini kabla ya meli, dereva atalala chini ya lori lake siku tatu, na tajiri atalipia siku hizo. Kazi hiyo nzima, kutoka shambani hadi melini, ndiyo siku hizi inaitwa lojistiki. CILT sasa ina wanachama katika nchi nyingi za dunia, Tanzania ikiwamo.

Sasa chama cha namna hii kinatawaliwaje? Kwanza wapo wanachama, nao wamepangwa kwa ngazi. Chini yupo mwanafunzi. Juu yake yupo mwanachama wa kawaida, kisha yule aliyethibitishwa kwa elimu pamoja na miaka ya kazi, na juu kabisa yupo mwanachama mwandamizi, aliyekwisha kushika madaraka makubwa. Mtu hapandi ngazi kwa kulipa ada tu. Hupimwa na wenzake waliomtangulia.

Wanachama hukutana katika mkutano mkuu wa mwaka. Hapo husomewa hesabu, huchagua viongozi na kupitisha kanuni. Rais wa chama hushika nafasi kwa muda mfupi, kisha humpisha mwenzake. Shughuli za kila siku hufanywa na watendaji walioajiriwa, na juu yao ipo bodi ya wadhamini inayochunga fedha na kuhakikisha hati haikiukwi. Katika nchi mbalimbali yapo matawi yenye viongozi wao wenyewe, na matawi hayo huwakilishwa katika baraza la kimataifa. Mwisho ipo kanuni ya maadili. Mwanachama akiivunja, anaweza kuitwa mbele ya kamati, akajieleza, na akionekana ana hatia akaonywa, akasimamishwa au akafutwa.

Utaratibu huu una busara ya wahenga ndani yake. Tunaambiwa kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na ndiyo maana rais ni mmoja. Lakini nahodha mmoja asiye na wa kumuuliza naye ni hatari, na ndiyo maana upo mkutano mkuu, ipo bodi, na ipo hati.

Mpaka hapa, msikilizaji, unaweza kudhani mambo yote ni shwari. La hasha. Udhaifu mkubwa uko mahali pamoja: kujiunga na chama hiki ni hiari. Mhasibu wa nchi hii ana bodi yake, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Mhandisi anayo, na ofisa ununuzi na ugavi anayo, kwa sheria ya mwaka 2007. Bodi hizo zikimfuta mtu, sheria inasimama nyuma yao. CILT ikimfuta meneja usafirishaji, itamnyang'anya herufi nyuma ya jina lake, lakini kesho yake anaweza kuamkia yadi nyingine na kuendelea kutia saini. Na yule ambaye hakujiunga kamwe, chama hakina neno naye.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya wamekwenda mbele zaidi. Kanuni yao ya mwaka 2009 inasema kila kampuni ya kubeba abiria au mizigo kwa biashara lazima imtaje meneja usafirishaji mwenye sifa njema na aliyefaulu mtihani. Kama meneja huyo ni wa kukodiwa kutoka nje ya kampuni, haruhusiwi kusimamia zaidi ya makampuni manne, wala magari yanayozidi 50 kwa jumla. Maana yake wamekubali kwamba jicho la mtu mmoja lina mwisho wake. Gari la hamsini na moja ni gari lisilotazamwa.

Kwetu, sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA imeipa mamlaka hiyo kazi ya kuwathibitisha madereva na kuwasajili wahudumu wa magari ya biashara. Hilo ni jema. Lakini dereva aliyethibitishwa bado anaweza kupewa tairi lililokwisha kashata. Dereva mwenye leseni safi bado anaweza kuambiwa, wewe nenda tu, ukirudi utapumzika. Akikataa, wapo kumi langoni wanaoitaka nafasi yake.

Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Kilijengwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Watu wale hawakuongezeka majini. Waliongezeka gatini, mtu mmoja baada ya mwingine, na hapakuwa na aliyesema basi, imetosha. Baada ya msiba Rais alizivunja bodi za taasisi mbili zilizohusika, kwa hiyo uwajibikaji ulipanda hadi juu. Lakini ulipanda baada ya mazishi. Kinachotakiwa ni mtu wa kusema imetosha kabla kamba haijafunguliwa, na awe na wa kumtetea akishasema.

Hapo ndipo chama cha wataalamu kinapokuwa na maana, au kinapokosa maana kabisa. Kama ni mahali pa kukutana hotelini mara moja kwa mwaka, kupeana vyeti na kupiga picha, basi ni klabu tu. Kama kinaishi kwa ada na kwa karo za kozi, kitashawishika kumfumbia macho mlipaji mzuri. Dawa yake wanachama wanayo mikononi mwao: wadai hesabu zisomwe, wadai orodha ya wanachama iwe wazi kwa kila mwajiri, na wadai kwamba mwenzao aliyefukuzwa kazi kwa kukataa kuruhusu gari bovu asiachwe peke yake. Na wasiishie Dar es Salaam. Karani anayeyapanga malori ya korosho huku kusini anaihitaji elimu hiyo pengine kuliko bosi mwenye ofisi ya kiyoyozi, tena aipate kwa lugha anayoielewa.

Nasi wengine tunalo la kufanya. Mwenye malori, unapomwajiri wa kukupangia safari, usimuulize tu kama anajua kubana matumizi. Muulize alijifunza wapi, na nani atamuuliza akikosea. Kisha siku atakapokuambia, mzee, gari hili leo halitoki, mshukuru. Na sisi wa kando ya barabara, siku ikitokea ajali, mungu apishie mbali, tusiishie kuuliza dereva alikuwa nani. Tuulize pia nani aliyeliruhusu gari litoke.