Nyumba Nayo Ni Tiba

Aneurin Bevan alipoteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Uingereza mwaka 1945, wizara yake ilibeba pia jukumu la makazi. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi, na katika mitaa duni iliyosalia familia zilisongamana vyumbani, hali inayoeneza kifua kikuu.

Wasanifu wa usasa walijibu kwa zege, madirisha mapana na bafu katika kila nyumba. Huko Park Hill, Sheffield, mtaa uliokamilika mwaka 1961, kila baada ya ghorofa tatu palijengwa baraza pana la kupitisha kigari cha maziwa, ili ujirani usikatike.

Hata hivyo, katika mitaa mingi ya aina hiyo zege halikukingwa vya kutosha dhidi ya baridi. Mvuke wa jikoni na wa pumzi ulipogusa ukuta baridi uligeuka maji. Kuvu ikaota, na chembe zake huchochea pumu. Wapangaji walipolalamika, mara nyingi walilaumiwa wao.

Mgonjwa wa pumu anayerudi kliniki mara kwa mara na aulizwe habari za ukuta wa chumba anacholala. Naye asione haya kueleza. Dawa humtuliza mchana, lakini usiku hurejea palepale.