Je, Wajua? Mipira Minne, Wapigaji Wanne Nje

Je, wajua kwamba ukifuata malori ya shaba yanayotoka Kolwezi kuelekea bandari ya Durban, ukishavuka Kasumbalesa unaingia katika nchi zinazocheza kriketi? Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini zote zilitawaliwa na Waingereza, waliokuja na mchezo wao. Katanga ilikuwa chini ya Wabelgiji, na hadi leo ukitaja mpira Kolwezi, ni ule wa miguu.

Lakini Rwanda nayo ilitawaliwa na Wabelgiji. Kriketi ilishika mizizi huko baada ya 1994, ikiletwa na familia za wakimbizi zilizorejea kutoka Uganda na Kenya.

Januari 2023 wasichana wa Rwanda walisafiri hadi Afrika Kusini kwa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake wa chini ya miaka 19. Huko kila timu hupewa ova 20 tu za kupiga, na ova moja ni mipira sita. Tarehe 17 walikutana na Zimbabwe, nchi yenye uzoefu mkubwa zaidi.

Rwanda ilipata mikimbio 119. Zimbabwe ilikuwa bado na wapigaji wanne mkononi Henriette Ishimwe alipoushika mpira. Akarusha mara nne mfululizo, na kila mpira ukamtoa mpigaji mmoja. Zimbabwe wote nje kwa 80. Rwanda ikashinda kwa tofauti ya mikimbio 39.

Siku tano baadaye wakaichapa West Indies.