Mlio wa "Stu-tu-tu"

Bila shaka umewahi kusikia Subaru ya turbo ikipita. Dereva akiachilia mafuta ili abadilishe gia, gari hulia "stu-tu-tu-tu" mfano wa njiwa apigaye mabawa. Sisi vijana hushangilia! Hata kaka yangu aliutaka mlio huo, basi makanika akaiziba vali ya turbo kwa kipande cha bati.

Turbo ni feni mbili juu ya ekseli moja. Moshi wa injini huizungusha ya kwanza, nayo ya pili huisukumia injini hewa kwa nguvu. Huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Sasa, ukiachilia mafuta, kilango cha hewa hufungika ghafla ilhali feni ingali mbioni. Hewa iende wapi? Ndipo vali hufunguka na kuirudisha nyuma ya feni, itumike tena. (Wengine huitoa nje ili ilie "pshh", lakini kompyuta ya Subaru imekwisha kuipima, hivyo petroli huzidi na moshi mweusi hutoka.)

Vali ikizibwa, hewa hugeuka na kuyapiga mapanga ya feni. Ule mlio tunaoushangilia ni kipigo hicho. Gari lenye presha ndogo laweza kuvumilia siku nyingi. La kaka lilikuwa limeongezwa presha. Turbo ilipofunguliwa, ekseli ilikuwa ikicheza kama jino bovu.

Bati limekwisha tolewa. Mkopo wa chama alionunulia gari, bado anaulipa.